Kilomita za Angani, Kilomita za Segera: Vidokezo kwa Msafiri wa Mnyuzi

Mjomba wangu alinipigia simu jioni moja kutoka kijijini kwake, Mnyuzi. Kabla sijamaliza shikamoo yangu, keshaitikia na keshauliza: "Marahaba. Hivi unajua kutoka Tanga hadi Dar kwa ndege ni kilomita mia mbili tu? Dakika hamsini!" Mjukuu wake alikuwa amemtafutia kwenye simu, na mzee alikwishapanga aende Kariakoo asubuhi na kurudi kabla kuku hawajapanda kulala. Nikamuuliza, "Na kutoka hapo kwako hadi uwanja wa ndege wa Tanga, mjomba?" Simu ikawa kimya. Nikasikia anamwambia mjukuu: "Hebu tazama na hiyo."

Hapo ndipo wengi tunapokwama. Simu inapima kutoka uwanja hadi uwanja, na sisi hatulali uwanjani. Haya hapa ni mambo niliyomweleza mjomba, pamoja na mengine niliyoyakumbuka baada ya kukata simu.

1. Anza kupima mlangoni kwako

Uwanja wa ndege wa Tanga na ule wa Julius Nyerere, Dar es Salaam, vimetengana kwa karibu kilomita 200 za angani. Kwa barabara, Tanga hadi Dar ni kama 350. Tofauti hiyo ya kilomita 150 ndiyo inayomfanya mtu atamani ndege.

Lakini mtu wa Mnyuzi hayuko Tanga. Ili apande ndege ya kwenda kusini, inabidi kwanza aelekee mashariki: atoke kijijini, ashike lami, apite Hale na Muheza, ndipo aingie Tanga. Kutoka njia panda ya Segera hadi Tanga ni kilomita 75 hivi. Ukichukua rula ukapima Mnyuzi moja kwa moja hadi uwanja wa Dar, unapata karibu 200 vilevile. Yaani ukishamaliza kuhangaika hadi Tanga, hujaisogelea Dar hata kidogo.

Sasa jumlisha. Saa moja na nusu au mbili za kufika Tanga. Saa moja na nusu ya kuwahi na kungoja. Karibu saa moja ya kuruka, kama ndege haipiti kwingine. Nusu saa ya kushuka na kupata mzigo. Kisha foleni ya Barabara ya Nyerere hadi mjini, nayo haina ratiba. Saa tano zimekwisha. Basi kutoka Segera lina kilomita 280 hivi hadi Dar, na siku njema linazimaliza kwa saa hizohizo tano au kupita kidogo. Uamuzi wangu kwa mjomba ulikuwa mfupi: kwa safari ya Kariakoo, panda basi.

2. Usigawanye kilomita za barabara kwa 80

Kosa la upande wa pili ni kuihesabu barabara kama mstari wa angani. Mtu anasema: kilomita 280, basi linaruhusiwa 80 kwa saa, basi ni saa tatu na nusu. Mtu huyo hajawahi kupita Mkata. Kila kijiji kina kibao cha 50, na karibu na kibao mara nyingi kuna trafiki mwenye tochi. Kuna malori yanayopanda vilima kwa mwendo wa mtu anayefikiria madeni. Kuna kituo cha kula, ambapo dakika kumi alizotangaza kondakta huzaa watoto. Daraja jipya la Wami limetuondolea usumbufu wa lile jembamba la zamani, tushukuru, ila Chalinze na Kibaha bado zipo palepale.

Kwa barabara hiyo mimi hugawanya kwa 55, na jibu hilo halijanitia aibu mara nyingi.

3. Angalia barabara inapinda wapi

Kwa nini kilomita 200 za angani zinakuwa 350 za lami? Kwa sababu barabara ya Tanga inaanza kwa kukimbilia magharibi hadi Segera, ikateremka kusini hadi Chalinze, halafu ikageuka mashariki kurudi baharini. Ni kama mtu aliyetumwa dukani jirani akazunguka nyuma ya mtaa mzima kwa kuogopa mbwa.

Watu wa Mnyuzi wanalijua jambo hili kupitia reli. Wajerumani walianza kujenga reli ya Tanga mwaka 1893, ikafika Korogwe 1902 na Moshi 1911, na Arusha ikaipata mwaka 1929, zama za Waingereza. Miaka yote hiyo haikuwa imeungana na Reli ya Kati. Mwaka 1963 ndipo kikafunguliwa kipande cha kuunganisha, kutoka Mnyuzi hadi Ruvu, kilomita 188. Pima mstari wa angani kati ya Mnyuzi na Ruvu: ni kama 170. Katika kazi za kupima njia, hiyo ni reli iliyonyooka kweli. Waliopanga kipande kile hawakuona sababu ya kuipitisha mizigo Chalinze. Nami nakiri kwamba kila nikikaa kwenye foleni ya Kibaha huwa nawawaza kwa heshima.

Funzo kwa msafiri ni hili: hakuna namba moja ya kuzidisha ili upate barabara kutoka angani. Tanga na Dar, barabara inakaribia mara mbili ya anga. Dar na Uwanja wa Kilimanjaro, anga ni kilomita 450 na barabara ni kama 600, yaani inazidi kwa theluthi tu. Na Dar na Unguja, kilomita 73 kati ya viwanja, hakuna barabara kabisa.

4. Mtu wa Mnyuzi asishindwe na nyuzi

Huhitaji intaneti kupima umbali wa viwanja viwili vya Tanzania. Unahitaji kujua vilipo kwenye ramani, na kikokotoo cha simu ya tochi kinatosha.

Nyuzi moja ya latitudo ni kilomita 111 hivi. Imegawanywa dakika 60, na kila dakika ni maili moja ya baharini, mita 1,852. Ndiyo maana marubani na manahodha wanapenda kuhesabu kwa maili hizo: ramani yenyewe ndiyo rula yao. Longitudo ni ngumu zaidi, kwa kuwa mistari yake husogeleana kadiri unavyokwenda kwenye ncha za dunia. Mtu wa Ulaya lazima apunguze kwa hesabu za pembe. Sisi tulio jirani na ikweta tumesamehewa: nyuzi moja ya longitudo nayo ni karibu 111.

Jaribu. Uwanja wa Tanga uko nyuzi 5.09 kusini, 39.07 mashariki. Wa Dar uko 6.88 kusini, 39.20 mashariki. Tofauti ya kusini ni 1.79, zidisha kwa 111 upate 199. Tofauti ya mashariki ni 0.13, zidisha upate 14. Kisha yale ya Pythagoras ya kidato cha pili: kila namba ijizidishe yenyewe, ujumlishe, utafute kipeuo cha pili. Unapata 199 na kitu. Mwalimu wa hesabu aliyekwambia utayahitaji siku moja hakuwa mwongo.

Kwa safari ndefu, njia hii iache. Dunia ni duara, na mstari mfupi juu ya duara huonekana umepinda kwenye ramani bapa. Vuta uzi juu ya mpira utaona. Ndiyo sababu ndege ya London kwenda Los Angeles hupita juu ya Greenland wakati ramani ya ukutani inakwambia ingekatiza bahari moja kwa moja.

5. Ukitaka muda, gawanya, kisha ongeza nusu saa

Ndege haianzi kwa mwendokasi wake wote. Inatambaa ardhini kutafuta njia ya kurukia, inangoja zamu, inapanda polepole, na mwishoni inapunguza mwendo ijipange kutua. Muda ulioandikwa kwenye tiketi unahesabu kuanzia inapoondoka kwenye maegesho hadi inaposimama tena, siyo ule wa kukaa hewani tu.

Hesabu yangu ya mkononi ni hii. Kwa ndege kubwa za jeti, gawanya umbali kwa 800, halafu ongeza nusu saa. Dar hadi Mwanza ni kilomita 850: saa moja na dakika nne, ongeza nusu saa, unapata kama saa moja na nusu. Dar hadi Nairobi ni 665: dakika 50 na nusu saa, saa moja na dakika ishirini. Dar hadi Dubai ni karibu 4,000: saa tano na nusu. Ukilinganisha na tiketi utakuta hujakosea kwa mengi.

Kwa zile za mapanga mawili kama Dash 8 na ATR, gawanya kwa 500 au 600. Kwa Cessna Caravan, kijindege cha injini moja kinachobeba abiria kumi na kidogo, gawanya kwa 300 na uongeze dakika kumi au kumi na tano tu, maana hakipandi juu sana na hakina foleni ndefu. Tanga hadi Dar: dakika 40 na kumi. Ile "dakika hamsini" ya mjukuu wa mjomba haikuwa uongo.

Utaona pia kwamba katika safari fupi ile nyongeza ndiyo safari yenyewe. Dar hadi Unguja, mtu akisema ndege inakimbia mara kadhaa ya boti, mwambie sawa, lakini dakika ishirini za hewani zinakuja na saa nzima na nusu ya kukaa kwenye kiti cha chuma ukitazama televisheni isiyo na sauti.

6. Uliza ndege inapita wapi

Njia za vindege vya pwani zinafanana na daladala kuliko unavyodhani. Ndege ya Tanga mara nyingi huunganishwa na Pemba na Unguja, na abiria wa Dar anajikuta ametua mara mbili kabla ya kufika. Umbali wa moja kwa moja basi haukusaidii. Tanga hadi uwanja wa Pemba ni kilomita 84, Pemba hadi Unguja ni zaidi ya 120, Unguja hadi Dar 73. Zimeshakuwa karibu 280, sawasawa na basi la kutoka Segera!

Silaumu. Mandhari ya Mkondo wa Pemba asubuhi, maji yakibadilika kutoka samawati nzito hadi kijani juu ya matumbawe, ni ya kulipia. Lakini ulipie ukijua.

Na kwa mtu anayekwenda Pemba hasa, hapa ndipo ndege ya Tanga inapotoa thamani yake. Dakika ishirini na kitu, dhidi ya kuteremka Dar kwa basi, kulala, kisha kukata tiketi ya boti. Hapo hata mjomba nilimwambia: usifikirie mara mbili.

7. Kusi na kaskazi bado wana neno

Watu hudhani pepo hizo zilikwisha kazi pamoja na majahazi. Sivyo: Caravan inaruka chini na polepole, kwa hiyo upepo unaisumbua. Tuseme kusi linavuma kilomita 35 kwa saa na wewe unatoka Tanga kwenda Dar, uso kwa uso na upepo. Ile 300 inakuwa 265 na dakika 40 zinakuwa 45. Ukirudi unasukumwa, unatumia 36. Usigombane na rubani.

8. Soma herufi tatu

Kila uwanja una herufi zake: Dar ni DAR, Unguja ni ZNZ, Pemba ni PMA, Tanga ni TGT. Mpaka hapo ni rahisi. Balaa liko Kaskazini. JRO ni Uwanja wa Kimataifa wa Kilimanjaro, KIA, ulio wilaya ya Hai katikati ya Moshi na Arusha. ARK ni uwanja mdogo wa Arusha, kule Kisongo. Vyote viwili watu huviita "Arusha", na kati yake kuna karibu kilomita 50. Anayekupokea akienda Kisongo nawe ukatua KIA, mtasalimiana kwa simu kwa saa nzima.

Dar nako uliza jengo. Tangu Jengo la Tatu lifunguliwe mwaka 2019, safari za nje zinatoka huko. Safari nyingi za ndani zinatoka Jengo la Pili, na vindege vidogo vinatoka Jengo la Kwanza, upande mwingine kabisa. Dereva wa bodaboda atakuuliza mara moja tu, na ukimjibu "uwanjani" atakupeleka kwa ubashiri wake.

9. Kumbuka uko katikati

Hiki ndicho kidokezo ninachokipenda zaidi, na sijui kwa nini watu wa Korogwe na Handeni hawakitumii vya kutosha. Ukiwa Segera, uwanja wa Dar uko kama kilomita 280 kusini, na KIA iko kama 320 kaskazini. Umesimama kwenye njia panda ya viwanja viwili vya kimataifa. Mtoto anapokwenda kusoma nje au shangazi anapokwenda umra, usikate tiketi ya Dar kwa mazoea. Linganisha bei za pande zote mbili.

KIA ina faida moja kubwa: mwisho wa safari hakuna jiji. Basi la Arusha linakushusha njia panda ya KIA, na kutoka hapo ni mwendo mfupi wa bodaboda au teksi. Dar, basi la mikoani linakufikisha Mbezi Luis, na hapo ndipo safari ya pili inapoanza. Usikubali kupelekwa hadi Ubungo na kuzungushwa Barabara ya Mandela kama huna sababu. Kuna njia ya Malamba Mawili na Kinyerezi inayotokea karibu na uwanja. Hata hivyo tenga saa moja na nusu. Mvua ikinyesha, tenga mbili.

Kanuni yangu kwa safari ya nje: mtu wa Mnyuzi alale Dar, au Moshi, usiku wa kabla. Gharama ya chumba ni ndogo kuliko ya tiketi iliyokupita.

10. Mzigo

Vindege vidogo mara nyingi huruhusu kilo 15. Gunia la machungwa ya Muheza halimo.

11. Toa sita

Hiki nimekiweka mwisho kwa kuwa kinaniuma. Tiketi yangu ya Mwanza iliandikwa 07:10. Nami, mtu mzima niliyesoma, nikaisoma "saa saba na dakika kumi", nikaweka kichwani kwamba ni mchana. Nilifika kaunta saa tano asubuhi nimetulia, nimechana nywele. Dada wa kaunta akaitazama karatasi, akanitazama mimi, akasema kwa upole: "Kaka, hii ilishatua Mwanza tangu saa mbili na nusu."

Tiketi zote huandikwa kwa saa za kuanzia usiku wa manane, na kila wakati ni saa za mji husika. Ili upate saa yetu, toa sita: 07:10 ni saa moja na dakika kumi asubuhi, 13:10 ni saa saba na dakika kumi mchana. Jibu likifika kumi na tatu au zaidi, toa tena kumi na mbili: 20:00 ni saa mbili usiku. Na kama namba ya saa ni ndogo kuliko saba, ongeza sita badala ya kutoa: 03:00 ni saa tisa usiku.

Tarehe nayo inatega. Kwetu siku huanza jua likizama, na tunasema usiku wa kuamkia Jumatano. Tiketi haijui kuamkia. Ikisema Jumatano 00:45, maana yake ni saa sita na dakika 45 za usiku wa kuamkia Jumatano, kwa hiyo wewe unatakiwa uwe uwanjani Jumanne saa tatu na nusu usiku. Atakayeondoka Segera Jumatano asubuhi amechelewa kwa usiku mzima.

Na unapolinganisha muda wa kuondoka na wa kufika, kumbuka mipaka ya saa. Tanzania, Kenya na Uganda zinatumia saa zilezile. Dubai na Muscat ziko mbele yetu kwa saa moja, kwa hiyo tiketi ya kwenda itaonyesha safari ndefu kuliko ilivyo, na ya kurudi itaonyesha fupi. Ndege haikuongeza mwendo.

Tiketi yako umeiweka wapi? Itoe sasa hivi, usome ile saa upya.